Jinsi ya kupima ishara ya Hejihogi katika misuli ya ngisi: mwongozo kamili kutoka yai hadi hadubini

Wanafunzi wa biolojia ya bahari hunitumia picha za aina mbili. Ya kwanza ni ukungu wa kijani uliofunika kiinitete kizima, huoni hata uzi mmoja wa msuli. Ya pili inapendeza macho na chini yake imeandikwa "dawa imezuia misuli", kumbe kiinitete chenyewe kimechelewa kukua tu, hata macho yake hayajapata rangi.

Kazi inayowashinda ni moja: kukata ishara moja ndani ya kiinitete cha ngisi, kisha kuangalia kama misuli itajipanga kama kawaida. Wengi hawaharibikiwi mwishoni, mbele ya hadubini, wanakodhani. Wanaharibikiwa siku nyingi kabla, kwenye ndoo ya mayai na kwenye chupa ya methanoli.

## Unachopima ni nini

Hejihogi ni protini ambayo seli moja huitoa na seli jirani huipokea. Kwenye seli inayopokea kuna protini mbili za utando. Moja huandikwa Ptc, na kazi yake ni kuikandamiza ya pili, Smo. Hejihogi ikinasa kwenye Ptc, Smo inaachiwa, na amri inashuka hadi kwenye jeni. Dawa ya siklopamini hujishikiza kwenye Smo moja kwa moja, kwa hiyo ujumbe hukatika hata kama Hejihogi imejaa tele nje ya seli.

Kwa dome wa Ulaya, Sepia officinalis, jamaa wa ngisi, utafiti uliochapishwa mwaka 2008 ulionyesha kuwa viinitete vilivyowekwa siklopamini hupata joho lenye nyuzi za misuli zilizojipanga ovyo. Joho ni ule mfuko wa nyama unaofunika viungo vya ndani, ndio tunaoukata vipete na kuukaanga. Mwongozo huu unatumia ngisi wetu wa mwambao, Sepioteuthis lessoniana, kwa sababu mayai yake ni makubwa, yanaonekana kwa macho, na wavuvi wanayajua.

## Vifaa, kabla hujaenda pwani

Usianze kutafuta hata kimoja kati ya hivi ukiwa tayari una mayai mkononi.

- Kibali cha utafiti. Tanzania anza na tume ya sayansi, COSTECH, Kenya na ile ya NACOSTI. Ndani ya hifadhi ya bahari utahitaji ruhusa ya hifadhi pia.
- Ndoo mbili za plastiki zenye mfuniko, pampu ya hewa inayotumia betri, kipimajoto na kipima chumvi.
- Vibano viwili vyenye ncha kali sana, pipeti za plastiki zilizokatwa mdomo ili upana utoshe kiinitete, sahani za petri.
- Magnesiamu kloridi, ile yenye maji sita ndani ya fuwele.
- Siklopamini miligramu 5 na ethanoli (pombe) safi.
- Paraformaldehaidi (ya kuhifadhi tishu zibaki kama zilivyo), bafa ya fosfeti, Triton X-100 (sabuni ya kutoboa utando wa seli), gliseroli, methanoli.
- Faloidini iliyofungwa rangi ya kijani inayong'aa, ya kuonyesha nyuzi za misuli, na rangi ya DAPI kwa viini vya seli.
- Hadubini ya kupasulia, na hadubini ya mng'aro. Ukipata ya leza inayopiga picha tabaka kwa tabaka, ni bora zaidi.
- Penseli. Kalamu ya wino hufutika kwenye ethanoli, na ukishapoteza lebo umepoteza jaribio.

Onyo la kweli. Siklopamini hutoka kwenye mmea wa Veratrum californicum, ambao kondoo wenye mimba wakiula huzaa wanakondoo wenye jicho moja katikati ya uso. Dada mwenye mimba, au anayedhani huenda anayo, asiishike dawa hii kabisa, hata kwa glavu. Paraformaldehaidi nayo mvuke wake huunguza macho na mapafu, kwa hiyo fanya kazi chini ya kivuta hewa.

## Hatua ya 1: Pata mayai bila kuyaua

Ngisi huyu hutaga vifuko vyeupe vya ute, kama vidole, kila kimoja na mayai machache. Huvibandika kwenye nyasi bahari, matumbawe, kamba, na mara nyingi kwenye madema. Mwombe mvuvi wa madema asivikwangue, avikate na kipande cha ufito vilivyoshikia, kisha avitie kwenye ndoo *ndani ya maji*, bila kuvipandisha hewani.

Sababu ni kwamba kiinitete hupata oksijeni kwa kupenya tu, kutoka kwenye maji kupitia ute na utando wa yai. Vifuko vikirundikwa, vya katikati vinakosa hewa hata kama pampu inaunguruma. Vining'inize kwa uzi vipishane, kila kimoja kiguswe na maji pande zote.

Weka chumvi karibu 35 kwa kila elfu na joto kati ya nyuzi 26 na 28 za Selsiasi. Badilisha nusu ya maji asubuhi na jioni. Yai lililokuwa jeupe kama maziwa ndani limekufa, litoe siku hiyohiyo. Usitumie maji yaliyopita kwenye bomba la shaba wala dawa ya samaki yenye shaba. Damu ya ngisi yenyewe hubeba oksijeni kwa shaba, lakini shaba iliyoyeyuka majini humuua upesi.

Umefaulu ikiwa baada ya siku mbili unaona kupitia utando kiinitete kikijizungusha polepole au, kwa aliyekua zaidi, joho likipwita. Kwa joto hilo mayai huanguliwa baada ya karibu wiki 3, kwa hiyo hesabu siku zako mapema.

## Hatua ya 2: Tambua umri kwa mwili, achana na kalenda

Mayai ya kifuko kimoja hukaribiana umri. Ya vifuko viwili tofauti, hata kama vimeshikana, yanaweza kupishana kwa siku kadhaa, maana majike tofauti hutaga mahali pamoja.

Kuna mtego mwingine hapa. Vitabu hutumia orodha mbili za hatua za ukuaji. Ya Naef ina hatua 20, na ya 20 ni kuanguliwa. Ya Arnold ina hatua 30, na ya 20 iko katikati ya safari, viungo ndiyo kwanza vinaumbika. Nimewahi kusoma ripoti iliyochanganya hizi mbili katika jedwali moja, na mwandishi akashangaa kwa nini matokeo yake hayafanani na ya wenzake. Andika jina la orodha kila unapoandika namba.

Mimi hutumia alama nne ambazo mtu hawezi kuzibishia: rangi ya jicho, vidoa vya rangi kwenye ngozi, joho limefunika mashavu ya kupumulia kwa kiasi gani, na kiini cha yai kilichobaki nje ni kikubwa mara ngapi kuliko kichwa.

Anza kuweka dawa pale minyiri inapokuwa vichomozo vidogo tu, ukingo wa joho umeanza kuinuka, na jicho bado ni jeupe au lina wekundu hafifu. Ukichelewa hadi vidoa vya rangi vimetokea, misuli mingi ya joho imeshajipanga, na utakuwa umefunga mlango mwizi akiwa ameshaondoka.

## Hatua ya 3: Vua ute

Weka kifuko kwenye sahani yenye maji ya bahari yaliyochujwa. Shika ute kwa kibano kimoja, upasue kwa kingine kuelekea nje, kamwe usielekee yai. Toa yai likiwa na utando wake mwembamba.

Utando huo uache mahali pake kwa sasa. Ukiupasua mapema, kiini cha yai hutumbuka, na kiinitete hakifikishi siku ya pili. Ute ndio lazima utoke, maana huipunguza kasi dawa na hufuga bakteria.

Gawa mayai ya *kila* kifuko katika makundi yote. Usithubutu kuweka kifuko kimoja chote kwenye dawa na kingine chote kwenye ulinganisho, yaani kundi lisilo na dawa. Ukifanya hivyo, unalinganisha familia mbili, na dawa haimo katika hesabu.

## Hatua ya 4: Weka dawa, na uweke pombe kila mahali

Yeyusha miligramu 5 za siklopamini katika mililita 1.2 za ethanoli. Hapo una akiba ya takriban milimola 10 kwa lita. Igawe katika vichupa vidogo, uviweke kwenye friza, na kichupa ulichokitoa usikirudishe.

Kisha andaa sahani nne, kila moja na mililita 10 za maji ya bahari yaliyochujwa:

- Sahani A: maikrolita 10 za ethanoli tupu.
- Sahani B: maikrolita 1 ya akiba na 9 za ethanoli. Hii ni maikromola 1.
- Sahani C: maikrolita 5 za akiba na 5 za ethanoli. Hii ni maikromola 5.
- Sahani D: maikrolita 10 za akiba. Hii ni maikromola 10.

Ongeza sahani E yenye maji matupu. Hiyo E wengi huidharau, lakini ndiyo itakayokuambia kama ethanoli yenyewe, au mkono wako wakati wa kuvua ute, umeumiza viinitete.

Tazama: kila sahani yenye dawa ina ethanoli sawasawa na A. Ukiongeza dawa bila kusawazisha ethanoli, sahani D ina pombe mara kumi ya B, na huwezi tena kusema kilichobadilisha misuli ni nini.

Siklopamini haipendi maji. Idondoshe polepole huku ukizungusha sahani. Ukiona vumbi jeupe linaelea, dawa imeganda na kipimo chako si kile ulichoandika, kwa hiyo mwaga uanze upya. Badilisha maji na dawa kila siku kwa siku 4 hadi 5, ukiweka sahani gizani kwenye joto moja.

Umefaulu ikiwa A na E hazina tofauti, vifo ni vichache, na D ina viinitete hai vyenye moyo unaopiga. Kama D wote wamekufa, hujagundua lolote kuhusu misuli, shusha kipimo. Na kama hata D hawana badiliko lolote, usiandike kwamba Hejihogi haihusiki. Huenda dawa haikupenya. Kundi dogo lililotobolewa utando kwa sindano nyembamba, pamoja na ulinganisho wake uliotobolewa vilevile, litakupa jibu.

## Hatua ya 5: Lewesha kabla ya kuhifadhi

Kiinitete hai kikiingia kwenye paraformaldehaidi hujikunja kwa nguvu zake zote. Joho lililojikunja lina nyuzi nene zilizosongamana, na lililolegea lina nyuzi nyembamba zenye nafasi. Nimeona tofauti hiyo ikiandikwa kuwa athari ya dawa.

Yeyusha gramu 75 za magnesiamu kloridi katika lita moja ya maji yaliyotoneshwa. Changanya nusu kwa nusu na maji ya bahari. Weka viinitete humo hadi joho liache kupwita na minyiri isijibu ukiigusa kwa unywele. Sasa ndipo pasua utando na umtoe.

Hamishia kwenye paraformaldehaidi asilimia 4 iliyotengenezwa kwa maji ya bahari yaliyochujwa, usiku mmoja, kwenye joto la nyuzi 4. Kesho yake osha mara tano kwa bafa ya fosfeti. Usiichanganye bafa na maji ya bahari kwa wingi mara moja: kalsiamu na magnesiamu ya bahari hushikana na fosfeti, na unga mweupe hukaa juu ya ngozi ya kiinitete kama chokaa. Ondoa maji ya bahari kadiri uwezavyo ndipo umimine bafa.

## Hatua ya 6: Tenganisha njia mbili HAPA

Hapa ndipo ukungu wa kijani unapozaliwa, kwa hiyo soma taratibu.

Faloidini hushika nyuzi za aktini, protini mojawapo inayojenga msuli, zikiwa na umbo lake la asili. Methanoli huvunja umbo hilo. Kiinitete kilichopita kwenye methanoli, hata kwa muda mfupi, hakitashika faloidini inavyopaswa, na kinachobaki ni mng'aro wa ovyo. Upande wa pili, anayetafuta ujumbe wa jeni, yaani RNA, kwa vinasa vyake anahitaji methanoli ili kuhifadhi viinitete kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri kwa miezi.

Watu huweka vyote kwenye methanoli "kwa usalama", kisha wanaamua baadaye. Amua sasa. Gawa kila sahani katika chupa mbili: *aktini*, inayobaki kwenye bafa na kutumika ndani ya wiki chache, na *jeni*, inayokwenda methanoli.

Chupa ya aktini. Loweka kwenye bafa yenye Triton asilimia 0.5, saa 4 kwa wadogo, usiku mzima kwa waliokaribia kuanguliwa, maana joho lao ni nene. Weka faloidini, sehemu 1 kwa 100, usiku mmoja gizani kwenye joto la nyuzi 4. Osha mara nne, nusu saa kila mara. Uoshaji wa haraka ni chanzo cha pili cha ukungu. Weka DAPI dakika 20, osha, kisha pandisha gliseroli polepole hadi asilimia 80. Usipashe moto.

Chupa ya jeni. Unahitaji kinasa kinachoshikana na ujumbe wa jeni, na pacha wake aliyegeuzwa asiyepaswa kushika chochote. Anza na jeni ya mnyororo mzito wa miosini, protini inayobana msuli, kwa kuwa ni alama ya msuli wenyewe, ndipo uende kwa jeni za Ptc na NK4. Tahadhari mbili. Tundu la joho na ute wa ganda la ndani hunasa rangi hata pasipo jeni, kwa hiyo bila pacha aliyegeuzwa utasherehekea uchafu. Na NK4, ambayo kwa nzi hujulikana kwa kujenga moyo, kwa dome imeonekana kwenye misuli ya joho na minyiri pia. Ukiiona huko, usidhani kazi imeharibika.

Kuhusu kingamwili zilizotengenezwa kwa ajili ya mamalia: zinaweza kunasa protini nyingine kabisa kwa ngisi. Usizitegemee kabla ya kuthibitisha kwa kupima ukubwa wa protini inayoshikwa.

## Hatua ya 7: Ujue msuli mzima unaonekanaje

Anza na kundi E, mpaka jicho lizoee. Kwenye joho utaona nyuzi za mzunguko zikilizunguka kama pete za pipa, na kati yake nyuzi fupi zinazotoka upande wa nje kwenda ndani. Kwenye mnyiri, tafuta neva katikati, nyuzi za kukatiza kuizunguka, na mafungu ya urefu upande wa nje. Ngisi hana mfupa humo. Nyuzi za kukatiza zikibana, mnyiri unarefuka, kwa sababu ujazo wake haubadiliki.

Kumbuka faloidini huonyesha aktini yote, siyo ya misuli pekee. Ukingo wa kila seli ya ngozi utang'aa. Shuka tabaka kwa tabaka hadi upite ngozi.

Na tafadhali usitafute mistari ya kukatiza kwenye minyiri miwili mirefu ya kukamatia. Kwa ngisi huyu nyuzi za kukatiza za minyiri hiyo hufanana na za minyiri mingine wakati wa kuanguliwa. Mistari yake hutokea wiki kadhaa baadaye, karibu na wakati mnyama anapoanza kuirusha kukamata uduvi. Wanafunzi wengi wameandika "dawa imeondoa mistari" kwa kitu ambacho hakikuwepo hata kwa kundi E.

## Hatua ya 8: Tenganisha kuchelewa na kuvurugika

Nimeiweka mwisho, lakini ndiyo inayoamua kama una matokeo.

Karibu kila dawa humchelewesha kiinitete. Aliyechelewa ana misuli michache, ndivyo alivyo hata asipowekwa dawa. Kwa hiyo usilinganishe D wa siku ya 5 na A wa siku ya 5. Mlinganishe D na A *mwenye alama zilezile nne* za Hatua ya 2. Ndiyo maana unapaswa kuhifadhi A wachache kwa paraformaldehaidi kila siku kuanzia siku ya 2, ili uwe na ngazi kamili ya kulinganishia. Asiyeiandaa ngazi hiyo mapema hawezi kuitengeneza baadaye.

Sasa angalia. Kama D anafanana na A mdogo wake, nyuzi chache lakini zimepangika, umeona ucheleweshaji. Kama D ana nyuzi zilizopinda, pete zisizofungana, au nyuzi za kutoka nje kwenda ndani zisizofika upande wa pili, na hakuna A wa umri wowote anayefanana naye, hapo dawa imegusa mpangilio wenyewe. Ujumbe wa Ptc ukiwa umepungua kwenye chupa ya jeni, una sababu nzuri ya kusema ishara ya Hejihogi kweli ilikatika, kwa kuwa seli nyingi huongeza Ptc zinapoipokea Hejihogi.

Hesabu ukiwa hujui kundi. Mpe mwenzako abadilishe lebo ziwe namba za bahati nasibu, na ufunguo abaki nao. Kwa kila kiinitete piga picha mahali pamoja, kwa mfano katikati ya joho upande wa mgongo, kwa mwanga na muda uleule wa kamera. Pima pembe za nyuzi dhidi ya mhimili wa mwili. Kisha rudia yote kwa vifuko vya angalau majike matatu. Viinitete 30 vya kifuko kimoja bado ni familia moja.

Picha zipigwe ndani ya wiki moja baada ya kupaka rangi. Sahani zilizobaki zifunge kwa foili na uziweke kwenye joto la nyuzi 4. Maji yenye siklopamini na paraformaldehaidi yakusanye kwenye madumu yenye lebo ili yapelekwe na wanaoshughulikia taka za kemikali, yasimwagwe kwenye sinki linaloelekea pwani ileile ulikochukua mayai.